Nani Hulipia Haki? Ufadhili wa Utetezi Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi katika Mahakama za Jinai

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi fedha zilivyochangwa na kutumiwa kugharamia utetezi wa watu walioshtakiwa katika mahakama za jinai zilizoathiriwa na ubaguzi wa rangi. Mifano iliyoteuliwa ni kesi ya Scottsboro nchini Marekani (1931), kazi ya mfuko wa utetezi ulioasisiwa na Thurgood Marshall (1940), kesi ya Kapenguria nchini Kenya (1952-1953) na mfuko uliogharamia kesi za kisiasa nchini Afrika Kusini hadi mwaka wa 1991. Makala yanadai kwamba historia ya haki mahakamani haiwezi kueleweka kikamilifu bila kuuliza ni nani aliyelipa, alilipia nini, na malipo hayo yalimpa mamlaka gani juu ya kesi ya mwenzake.

1. Utangulizi

Waswahili husema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii ina mantiki ya kushangaza. Inakubali kwamba mnyonge atanyongwa, kisha inasisitiza kwamba hata katika kunyongwa kwake kuna kitu anachostahili kupewa. Kinachofichika katika methali ni gharama ya kitu hicho. Kitenzi "mpeni" chaashiria kwamba haki ni kitu kilichopo tayari, kinachosubiri mkono wa kukitoa. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kesi mahakamani anafahamu kwamba mambo sivyo yalivyo. Wakili hulipwa. Nakala za mwenendo wa kesi hulipiwa. Shahidi anayetoka mbali huhitaji nauli, chakula na mahali pa kulala. Rufaa ina ada yake.

Isitoshe, lugha ya Kiswahili hutumia neno moja, haki, kwa dhana mbili: kile ambacho mtu anastahili kupata, na hali ya uadilifu katika uamuzi. Katika mahakama yenye ubaguzi wa rangi dhana hizi mbili hutengana. Mshtakiwa anaweza kuwa na haki ya kutetewa katika maandishi ya sheria, lakini asipate haki katika hukumu kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuigeuza haki ile ya kwanza kuwa kitendo. Fedha ndizo mara nyingi huwa daraja kati ya haki hizo mbili.

Katika makala haya, basi, tutaanza kwa kueleza kazi ya fedha katika kesi ya jinai. Kisha tutachunguza mifano minne ya kihistoria, na mwisho tutajadili maswali ambayo mifano hiyo inayaibua.

2. Kazi ya Fedha katika Kesi ya Jinai

Watu wengi hudhani kwamba kufadhili kesi ni kumlipa wakili tu. Kwa hakika, gharama za utetezi zinaweza kugawanywa katika makundi matano.

Kundi la kwanza ni dhamana, yaani fedha au mali inayowekwa ili mshtakiwa awe huru akisubiri kesi. Asiye na dhamana hukaa rumande, na aliye rumande hawezi kuwatafuta mashahidi wake. Kundi la pili ni ada ya mawakili. Kundi la tatu ni uchunguzi: kuwatafuta mashahidi, kupima ushahidi wa upande wa mashtaka, na kuwaalika wataalamu. Kundi la nne ni ukalimani na maandishi, kwa maana kesi nyingi za aina hii zimesikizwa kwa lugha ambayo mshtakiwa haimudu. Kundi la tano, ambalo husahaulika sana, ni riziki ya jamaa za mshtakiwa. Mtu anayejua kwamba watoto wake wanalala njaa ni rahisi kushawishika kukiri kosa asilolitenda ili mambo yaishe.

Upande wa mashtaka, kwa upande wake, hulipiwa gharama zake zote na hazina ya serikali. Polisi, wachunguzi, kiongozi wa mashtaka na hata mahakama yenyewe hulipwa na umma. Pale ambapo serikali hiyo inatawaliwa na kabila moja la watu kwa misingi ya rangi, mizani huwa imeinama kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa. Mchango wa utetezi ni jaribio la kuirudisha mizani hiyo.

3. Scottsboro: Fahali Wawili na Nyasi

Mnamo tarehe 25 Machi 1931, vijana tisa weusi walikamatwa katika gari moshi la mizigo huko Paint Rock, jimbo la Alabama. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 13 hivi. Walishtakiwa kwa kuwabaka wanawake wawili weupe waliokuwa katika gari moshi hilo hilo. Kesi zao zilianza mjini Scottsboro tarehe 6 Aprili, hata majuma mawili hayajatimia tangu wakamatwe. Katika muda wa siku chache wanane kati yao walihukumiwa kifo. Kesi ya yule mdogo haikuamuliwa kwa sababu wajumbe wa baraza la mahakama hawakuafikiana.

Swali letu ni hili: nani aliwatetea? Viongozi wa makanisa ya watu weusi katika mji wa Chattanooga, jimbo jirani la Tennessee, walichanga fedha kidogo walizoweza na kumwendea wakili mmoja. Wakili huyo alipofika mahakamani alieleza kwamba hakuwa amepata muda wa kujiandaa na kwamba hakuuzoea utaratibu wa mahakama za Alabama. Hakimu alimwacha aendelee akisaidiwa na wakili mwingine wa mji huo, mtu wa umri mkubwa. Hivyo ndivyo vijana wanane walivyofikishwa kwenye lango la kifo: kwa utetezi ulioanza siku ile ile ya kesi. Mkono mtupu haulambwi.

Baada ya hukumu, mashirika mawili yalijitokeza. La kwanza lilikuwa Chama cha Kitaifa cha Kuwaendeleza Watu Weusi, kijulikanacho kama NAACP. La pili lilikuwa Shirika la Kimataifa la Kutetea Wafanyakazi, ILD, lililofungamana na Chama cha Kikomunisti. NAACP iliamini katika hoja za kisheria zilizopangwa kwa utulivu. ILD iliamini kwamba mahakama ya kibaguzi haiwezi kutikiswa ila kwa kelele za umma nje ya mahakama. ILD iliwahi kuzifikia familia za vijana hao, ikazisikiza, na ikapata ridhaa yao. Mnamo mwaka wa 1932 mama wa wawili kati ya vijana hao, Ada Wright, alizuru nchi kadhaa za Ulaya akiieleza kesi ya wanawe mbele ya umati. Michango ilitoka kwa wafanyakazi wa kawaida waliotoa senti zao katika mikutano. Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba.

Matokeo ya kisheria yalikuwa makubwa. Katika uamuzi wa Powell dhidi ya Alabama (1932), Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia kwamba vijana hao walinyimwa utaratibu wa haki kwa kukosa utetezi wa maana katika kesi ambayo adhabu yake ni kifo. Katika uamuzi wa Norris dhidi ya Alabama (1935), Mahakama hiyo hiyo ilibatilisha hukumu nyingine kwa sababu watu weusi walikuwa wametengwa kwa makusudi katika uteuzi wa wajumbe wa mabaraza ya mahakama. Wakili wa utetezi, Samuel Leibowitz wa New York, aliyeifanya kazi hiyo bila ada, aliwaonyesha majaji daftari ambamo majina ya watu weusi yalikuwa yameongezwa baadaye ili kuficha ubaguzi huo.

Hata hivyo, kuna upande mwingine wa sarafu hii. Mwaka wa 1934 watu wawili waliohusiana na ILD walikamatwa kwa tuhuma za kujaribu kumhonga mmoja wa walalamishi. Leibowitz alikasirika na kutengana na shirika hilo. Ilichukua hadi mwisho wa mwaka wa 1935 kwa mashirika yanayozozana kukubali kuunda kamati moja ya utetezi. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa walikuwa vijana waliokuwa gerezani muda huo wote. Wanne waliachiliwa mwaka wa 1937. Wengine walikaa kifungoni kwa miaka mingi zaidi. Jimbo la Alabama lilitoa msamaha kwa waliosalia bila kusafishwa majina mwaka wa 2013, wote tisa wakiwa wamekwisha kufariki.

4. Mfuko wa Kudumu: Kazi ya Thurgood Marshall na Warithi Wake

Funzo moja la Scottsboro lilikuwa kwamba mchango unaoanza baada ya hukumu huwa umechelewa. Mnamo mwaka wa 1940, wakili Thurgood Marshall aliasisi Mfuko wa Utetezi wa Kisheria wa NAACP, ambao hufahamika kama LDF. Sababu mojawapo ya kuuanzisha kama chombo cha pekee ilikuwa ya kodi. NAACP ilijihusisha na ushawishi wa kisiasa, na kwa mujibu wa sheria za Marekani, michango kwa chombo kama hicho haikupata nafuu ya kodi. Mfuko unaoshughulikia sheria na elimu tu ungeweza kuwapa wafadhili nafuu hiyo. Kuanzia mwaka wa 1957 mfuko huo ulijitenga kabisa na chama kilichouzaa.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini lilibadilisha namna ya kupigania haki. Mchango wa dharura humlipia mtu mmoja. Mfuko wa kudumu huweza kuchagua kesi, kuzipanga kwa mfululizo, na kungoja. Mawakili wa mfuko huu walifanya utafiti kuhusu adhabu ya kifo, na takwimu walizokutana nazo zilitisha. Kati ya mwaka wa 1930 na 1967, wanaume 455 walinyongwa au kuuawa kwa njia nyingine za kisheria nchini Marekani kwa kosa la ubakaji. Kati yao, 405 walikuwa weusi. Mwaka wa 1972, katika uamuzi wa Furman dhidi ya Georgia, Mahakama ya Juu ilibatilisha adhabu ya kifo kama ilivyokuwa ikitolewa wakati huo. Majimbo mengi yalitunga sheria mpya, na adhabu hiyo ikarudi mwaka wa 1976. Lakini mwaka wa 1977, katika uamuzi wa Coker dhidi ya Georgia, ilikatazwa kwa kosa la kumbaka mwanamke mtu mzima.

Si kila kesi ilishinda. Warren McCleskey, mtu mweusi aliyehukumiwa kifo katika jimbo la Georgia kwa mauaji ya polisi mweupe, alitetewa na mfuko huu hadi Mahakama ya Juu. Mawakili wake waliwasilisha utafiti ulioongozwa na Profesa David Baldus, uliochunguza kesi zaidi ya 2,000 za mauaji katika jimbo hilo. Utafiti ulionyesha kwamba, hata baada ya kuzingatia mambo mengine mengi, aliyeshtakiwa kwa kumuua mtu mweupe alikabiliwa na uwezekano wa kuhukumiwa kifo mara 4.3 zaidi ya aliyeshtakiwa kwa kumuua mtu mweusi. Mnamo mwaka wa 1987, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama iliamua kwamba takwimu hizo hazitoshi: ilimlazimu mshtakiwa kuthibitisha kwamba waliomhukumu yeye binafsi walikusudia kumbagua. McCleskey aliuawa mwaka wa 1991. Jaji Lewis Powell, aliyeandika uamuzi wa wengi, alikuja kusema baada ya kustaafu kwamba angeweza angeibadilisha kura yake katika kesi hiyo.

Tunajifunza hapa kwamba fedha zaweza kununua utafiti bora, mawakili bora na muda wa kutosha, na bado zisiununue uamuzi. Hilo si hoja ya kuacha kuchanga. Ni hoja ya kufahamu mipaka ya kinachochangiwa.

Aidha, nguvu ya mifuko hii ilithibitishwa na juhudi za kuizima. Katika miaka ya 1950 jimbo la Virginia lilitunga sheria za kuyazuia mashirika kufadhili na kuchochea kesi ambazo si zao. Mwaka wa 1963, katika kesi iliyopelekwa na NAACP, Mahakama ya Juu ilikataa matumizi hayo ya sheria, ikieleza kwamba kwa kundi linalokandamizwa kwenda mahakamani ni namna ya kujieleza kisiasa inayolindwa na katiba. Fedha za umma nazo si za kutegemewa daima. Katika miaka ya 1990 Bunge la Marekani lilikomesha ufadhili wa vituo vilivyosaidia kuwatetea waliohukumiwa kifo. Shirika lililoanzishwa na wakili Bryan Stevenson mjini Montgomery, Alabama, mwaka wa 1989, lililazimika kuendelea kwa michango ya watu binafsi na wakfu. Miongoni mwa waliotetewa na Stevenson ni Walter McMillian, aliyeachiliwa mwaka wa 1993 baada ya miaka sita akisubiri kuuawa kwa kosa ambalo hakulitenda.

5. Kapenguria: Kesi Iliyowaleta Mawakili wa Mabara Matatu

Tugeuke sasa tuangalie nyumbani. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya na kuwakamata viongozi wengi. Sita kati yao walifikishwa mahakamani Kapenguria: Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Kapenguria iliteuliwa kwa kuwa mbali. Hapakuwa na hoteli, kwa hivyo mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku. Umbali huo wenyewe ulikuwa gharama iliyotwikwa upande wa utetezi.

Jopo la utetezi lilikuwa la ajabu kwa wakati huo. Liliongozwa na D. N. Pritt wa Uingereza. Walikuwamo Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies wa Nigeria, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika. Mawakili wa Kenya wenye asili ya Kihindi, wakiwemo A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh, waliibeba sehemu kubwa ya kazi ya kila siku. Utetezi huu ulikuwa mchango katika maana pana ya neno: wengine walitoa fedha, wengine walitoa taaluma na muda wao.

Upande wa pili nao ulikuwa na fedha zake. Wanahistoria kadhaa wameandika kwamba hakimu wa kesi hiyo, Ransley Thacker, alilipwa paundi 20,000 na serikali ya kikoloni. Shahidi mkuu wa mashtaka, Rawson Macharia, aliapa mwaka wa 1958 kwamba alitoa ushahidi wa uongo, na kwamba alikuwa ameahidiwa masomo nchini Uingereza na kazi serikalini. Alishtakiwa na kufungwa kwa kiapo hicho cha pili, lakini ahadi ya masomo ilikuwa imeandikwa na haikuweza kukanwa. Tarehe 8 Aprili 1953 washtakiwa walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa yake mwaka wa 1954, lakini aliendelea kuzuiliwa.

Kwa wanafunzi wa lugha, kipengele cha ukalimani ni cha kuzingatiwa. Louis Leakey aliteuliwa kuwa mkalimani wa Gĩkũyũ. Upande wa utetezi ulilalamika kwamba hakuwa mtu asiyeegemea upande wowote katika mzozo huo, naye akajiondoa. Tukio hili ladhihirisha kwamba mkalimani si mfereji mtupu wa maneno. Aliye na uwezo wa kulipia wakili mwenye ujasiri wa kumpinga mkalimani ana kinga ambayo mshtakiwa wa kawaida hana.

Na hapa ndipo Kapenguria inapotuachia swali zito. Katika miaka ya hali ya hatari zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa nchini Kenya baada ya kuhukumiwa katika mahakama za kikoloni, nyingi kati ya hizo zikiwa mahakama maalumu zilizoundwa mwaka wa 1953 ili kuharakisha kesi. Hao hawakuletewa mawakili kutoka mabara matatu. Kamba, wanavyosema Waswahili, hukatikia pembamba.

Kuna uhusiano mwingine usiojulikana sana. Mwaka wa 1960, Thurgood Marshall aliwashauri wawakilishi wa Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, na akaandaa rasimu ya haki za kimsingi. Mtu aliyekuwa amezoea kutetea walio wachache dhidi ya walio wengi nchini mwake alijikuta akifikiria jinsi ya kuwalinda walio wachache, Wahindi na Wazungu, chini ya serikali ya walio wengi.

6. Afrika Kusini: Fedha Zilizovaa Kinyago

Mnamo Desemba 1956 watu 156 walikamatwa nchini Afrika Kusini na kushtakiwa kwa uhaini, Nelson Mandela na Oliver Tambo wakiwa miongoni mwao. Kesi ilianza Johannesburg na baadaye ikahamishiwa Pretoria. Ilidumu zaidi ya miaka minne, hadi tarehe 29 Machi 1961 washtakiwa wa mwisho walipoachiliwa huru. Bila mfuko, kesi ya urefu huo ingekuwa adhabu kabla ya hukumu, kwani washtakiwa walipoteza kazi na biashara zao.

Mfuko ulipatikana. Mjini London, John Collins, kasisi wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, alichukua jukumu la kuchangisha fedha za mawakili na za kuzilisha familia. Juhudi hizo zilizaa Mfuko wa Utetezi na Misaada, ambao ulisaidia pia katika kesi ya Rivonia (1963-1964). Mwaka wa 1966 serikali ya Afrika Kusini iliupiga marufuku. Tangu hapo, kupokea fedha zake likawa kosa la jinai.

Mbinu iliyobuniwa ni ya kustaajabisha. Fedha zilipitishwa kwa mawakili wa London na kwa dhamana za watu waliojitokeza kama wahisani binafsi, hivi kwamba wakili wa Afrika Kusini aliyezipokea angeweza kusema kwa ukweli kwamba hakujua chimbuko lake. Kwa upande wa familia, mamia ya watu wa kawaida nchini Uingereza na kwingineko waliandika barua za kirafiki kwa wake na mama za wafungwa, na katika kila barua wakatia fedha kana kwamba ni zao. Wengi wa walioandikiana hawakuwahi kuonana. Serikali kadhaa zilichangia, Uswidi ikiwa mstari wa mbele, na Umoja wa Mataifa ulianzisha mfuko wake mwaka wa 1965. Kufikia mwaka wa 1991 mfuko huu ulipofunga kazi, inakadiriwa kwamba paundi milioni 100 zilikuwa zimepenyezwa kwa njia hizi.

7. Maswali Yanayoibuka

Mifano hii inatuelekeza kwenye maswali matatu.

Swali la kwanza: je, anayelipa ndiye mwenye kesi? Katika Scottsboro wafadhili walitaka kesi ithibitishe mambo fulani kuhusu tabaka na siasa, ilhali mshtakiwa alitaka kurudi kwa mamake. Wakili mwenye maadili humtumikia mshtakiwa, si mfadhili. Mfuko wa Afrika Kusini, kwa kuficha jina lake, uliondoa kishawishi hiki kwa kiasi fulani: asiyejulikana hawezi kudai shukrani.

Swali la pili: nani husahauliwa? Fedha hufuata umaarufu. Washtakiwa sita wa Kapenguria wanajulikana na kila mtoto wa shule nchini. Zaidi ya watu 1,000 walionyongwa wana majina katika majalada ambayo ni wachache wanaoyafungua. Mfuko unaochagua kesi "yenye manufaa kwa sheria" kwa lazima huiacha nyingine.

Swali la tatu: mchango wa nje una hatari gani? Mtegemea cha nduguye, wahenga walionya, hufa maskini. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa wadai 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Hii ilikuwa kesi ya madai na wala si ya jinai, lakini inahusu mateso yaliyotendwa na watumishi wa serikali iliyowahukumu na kuwazuilia. Wadai walifanikiwa kwa ushirikiano wa Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, chama cha wapiganaji wa Mau Mau na kampuni ya mawakili ya London. Kundi jingine la wadai zaidi ya 40,000 lilishindwa mahakamani mwaka wa 2018. Wazee wa kundi la pili hawakuteseka kwa namna nafuu. Walifika wakati mlango ulikuwa umefungwa.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba ufadhili wa utetezi umepitia sura nne: mchango wa dharura wa waumini na wafanyakazi, mfuko wa kudumu wenye mpango, mshikamano wa mawakili wa mataifa mbalimbali, na mtandao wa siri. Kila sura ilifanikisha jambo ambalo nyingine isingeweza, na kila sura ilikuwa na kasoro yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuwekewa wakili na serikali kwa gharama za serikali iwapo kutofanya hivyo kutasababisha dhuluma kubwa. Inampa pia haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilifuata mwaka wa 2016. Vifungu hivi ni majibu ya kuchelewa kwa Scottsboro na Kapenguria. Lakini kifungu hakimlipi mkalimani. Bajeti ndiyo humlipa, na mkalimani stadi hafunzwi na bajeti pekee.

Hapo ndipo wajibu wetu kama wasomi wa Kiswahili unapoanzia. Washtakiwa wengi katika mahakama zetu huisikia hati ya mashtaka kwa mara ya kwanza katika Kiswahili cha mkalimani ambaye hakufunzwa istilahi za sheria. Tunaweza kuandaa istilahi hizo, kuwafunza wakalimani, na kutafsiri sheria kwa lugha inayoeleweka na mchuuzi wa sokoni. Hatuna paundi milioni 100. Tuna lugha, na katika mahakama ya jinai lugha ni sehemu ya gharama ya haki ambayo ni lazima mtu ailipe.